Barua ya wazi kwa Mbunge wa Rungwe: Tunataka mbunge kabla ya waziri

Kata ya Suma,
Wilaya ya Rungwe,
Mkoa wa Mbeya.

Mheshimiwa Mbunge,

YAH: KAZI TULIYOKUTUMA DODOMA

Ndaga fijo, asante sana, kwa kukubali kubeba mzigo wa jimbo hili. Mimi ni mkulima wa chai na migomba, nafuga na ng'ombe wa maziwa, kama walivyo majirani zangu wengi. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninalotaka kusema haliishii kwako. Linamhusu kila mtu aliyewahi kutuomba kura, na linatuhusu sisi tuliozipiga.

Kila mbunge wa Rungwe anapoapishwa, swali la kwanza kwenye vijiwe vya Tukuyu ni moja: je, atapewa wizara? Baraza la Mawaziri linapotangazwa tunakaa redioni tukisubiri jina la mtu wetu. Likisomwa tunashangilia kana kwamba lami imeshafika mlangoni. Lisiposomwa tunasikitika, na wapo wanaoanza kusema mbunge hana uzito. Nakuomba usikubali kupimwa kwa kipimo hicho, wala usijipime nacho mwenyewe.

Najua kilikotoka. Rungwe na majirani zake wametoa viongozi wakubwa tangu kabla ya uhuru. John Mwakangale, ambaye jina lake limepewa viwanja vya Nanenane pale Mbeya, alikuwa mwanasiasa wa TANU ambaye Nelson Mandela alimtaja katika kumbukumbu zake za kupita Mbeya mwaka 1962. Dk. Tulia Ackson, mzaliwa wa Tukuyu, alikalia kiti cha Spika mwaka 2022 akiwa Mbunge wa Mbeya Mjini, na mwaka uliofuata akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Ila waliotujengea zaidi mazoea haya ya kusubiri wizara ni maprofesa wawili walioingia bungeni pamoja mwaka 2000, na wote wakatoka mwaka 2015: Mark Mwandosya wa Rungwe Mashariki na David Mwakyusa wa Rungwe Magharibi.

Profesa Mwandosya alikuwa mhandisi wa umeme, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katibu mkuu wa wizara kabla ya kuomba kura. Mwaka 1997, dunia ilipokutana Kyoto kujadili mabadiliko ya tabianchi, ndiye aliyeongoza nchi zinazoendelea katika majadiliano hayo. Alishika wizara mfululizo kwa miaka 15 aliyokaa bungeni: Mawasiliano na Uchukuzi, kisha Mazingira, kisha Maji na Umwagiliaji, na mwisho Ofisi ya Rais. Mwaka 2005 aliingia tatu bora za CCM kuwania kugombea urais, pamoja na Jakaya Kikwete na Salim Ahmed Salim.

Profesa Mwakyusa alikuwa daktari wa Mwalimu Nyerere. Aliiongoza Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii kuanzia mwaka 2006 hadi 2010, na ni katika kipindi chake, mwaka 2007, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Mwandosya naye, akiwa Waziri wa Maji, alisimamia sheria mbili za mwaka 2009 zilizohusu rasilimali za maji na huduma ya maji nchini. Hizo ni kazi za taifa zima. Mama anayejifungulia zahanati ya kijijini Kigoma ana sehemu yake katika kazi ya mtoto wa Rungwe, na sisi tunajivunia hilo bila kuficha.

Sasa naomba unisikilize vizuri, Mheshimiwa, maana hapa ndipo kwenye kiini cha barua yangu. Kuanzia Januari 2006 hadi mwishoni mwa 2010, wabunge wote wawili wa majimbo ya Rungwe walikuwa mawaziri kwa wakati mmoja. Katiba yetu, Ibara ya 53, inasema mawaziri wanawajibika bungeni kwa pamoja. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na inawapa wabunge nafasi ya kumuuliza waziri swali lolote kuhusu mambo yaliyo katika wajibu wake. Waziri hakai upande wa kuuliza. Anakaa upande wa kujibu. Hasimami asubuhi kwenye kipindi cha maswali akamwuliza mwenzake wa Ujenzi kwa nini barabara ya kijijini kwake haipitiki. Haulizi swali la nyongeza. Bajeti ya Kilimo ikifika Kamati ya Matumizi, hawezi kushika shilingi ya mshahara wa waziri mwenzake mpaka bei ya majani mabichi ya chai ipatiwe maelezo.

Kwa hiyo katika miaka ile mitano, wananchi wa Rungwe tulikuwa na viti viwili mbele kabisa ya ukumbi, lakini hatukuwa na mbunge wa jimbo hata mmoja mwenye uhuru wa kuibana Serikali kwa niaba yetu mbele ya nchi nzima. Silisemi hili kuwalaumu wazee wetu. Mfumo ndio uliowaweka pale, na waliitumikia nchi. Nalisema kwa sababu sisi wapiga kura hatukuwahi kukaa chini tukajiuliza tumepata nini na tumekosa nini.

Tazama jirani zetu wa Kyela, chini kidogo tu ukishuka kuelekea ziwani. Katika kipindi kilekile walikuwa na mbunge asiye na wizara, Dk. Harrison Mwakyembe, aliyeingia mwaka 2005. Ndiye aliyeongoza Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Ripoti iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Uwaziri Mwakyembe aliupata baadaye. Lile jambo kubwa lililotikisa nchi alilifanya akiwa na kiti cha kawaida, kinachotosha kwa mbunge anayejua kazi yake.

Wapo watakaonijibu kwamba waziri huleta maendeleo nyumbani, kwamba anaijua milango na anakaa karibu na mfuko. Nimelisikia hilo kwenye misiba, kwenye harusi na kwenye mizani ya chai. Nawaomba walifikirie hadi mwisho. Kama maji yatafika Suma kwa sababu tu waziri ni mtu wetu, basi kijiji cha Ukerewe au Namtumbo kimeyakosa kwa sababu waziri si mtu wao. Hiyo siyo haki tunayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Tena haina uhakika. Mabadiliko ya baraza hutangazwa usiku, na asubuhi yake mlango tuliouzoea umeshafungwa. Haki iliyoandikwa kwenye bajeti na ikatetewa kwa hoja haiondoki na mtu.

Hata wenye kuandika katiba wameliona tatizo hili. Leo Ibara ya 55 inataka mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge. Tume ya Jaji Joseph Warioba, baada ya kuzunguka nchi nzima kukusanya maoni, ilipendekeza katika rasimu yake ya mwaka 2013 kwamba mawaziri wasiwe wabunge, ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu, na wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge asiyewajibika kabla ya miaka mitano kwisha. Bunge Maalum la Katiba likayaondoa mapendekezo hayo mwaka 2014, na kura ya maoni ya wananchi kuhusu katiba hiyo haijapigwa hadi leo. Wenzetu wa Kenya walitenganisha kazi hizo mbili kwa Katiba yao ya mwaka 2010: ukiteuliwa kuongoza wizara, kiti cha ubunge unakiacha. Sisi bado tuko na sheria ya zamani. Mpaka ibadilike, ulinzi pekee tulionao ni msimamo wa mtu tuliyemtuma.

Wakulima wa nchi hii waliwahi kuonyesha kwamba wanaujua ubunge ni nini. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wapiga kura waliletewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Huko Mwanza walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mkubwa wa ushirika wa pamba aliyeheshimiwa nchi nzima. Wengi wao hawakuwa na shahada wala magazeti. Lakini walitenganisha cheo na uwakilishi, wakapiga kura.

Kwetu Suma, mambo mawili yanaifanya kazi yako ya jimboni kuwa nzito kuliko ya waliokutangulia.

La kwanza ni barabara na maji. Zamani barabara za vijijini zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na diwani aliweza kumbana mhandisi kwenye kikao cha baraza. Tangu Julai 2017 kazi hiyo iko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tangu Julai 2019 maji ya vijijini yako kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wakala hizi zimefanya kazi tunayoiona, lakini waajiri wao wako juu, na diwani wetu sasa ni mwombaji kama sisi. Aliyechaguliwa na wananchi na akawa na mamlaka ya kumsimamisha waziri anayehusika bungeni ajibu ni wewe peke yako. Tukuyu inajulikana kwa mvua. Ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kilomita moja ya barabara hapa haiwezi kuhesabiwa gharama sawa na kilomita moja ya Dodoma. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilipeleka kwa kila jimbo shilingi milioni 500 za barabara za TARURA, kisha ikaongeza bilioni 1 iliyotokana na tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta. Tulishukuru. Lakini mgawo ulio sawa kwa jimbo la mchanga mkavu na jimbo la milima na tope siyo mgawo wa haki, na hoja hiyo anatakiwa kuijenga mbunge wa Rungwe, kwa takwimu za mvua, za mitaro na za madaraja, kila mwaka hadi kanuni ya ugawaji ibadilike.

La pili ni mazao. Jani la chai halisubiri. Likishachumwa, saa zinahesabika kabla halijapoteza ubora, na gari la kiwanda likinasa kwenye tope hasara inabaki kwa mchumaji. Bei elekezi, deni la majani yaliyokwisha kupokelewa, na mnada wa chai uliohamishiwa Dar es Salaam baada ya miaka mingi ya kutegemea Mombasa, yote haya yanaamuliwa mbali na Suma. Ndizi nazo: mkungu wetu bado unanunuliwa kwa macho na dalali, si kwa mizani. Machi 2025 Malawi ilizuia bidhaa kadhaa za kilimo zisiingie kwake, ndizi zikiwemo. Aprili Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, nchi iliyokuwa imezifungia ndizi zetu kwa miaka mingi. Baada ya siku chache mazungumzo yakaanza na zuio la upande wetu likaondolewa. Kumbe ndizi ya mkulima wa Rungwe ni jambo la Bunge, la wizara mbili tatu na la mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Parachichi nalo limefunguliwa soko la China tangu mkataba wa Novemba 2022. Je, ni nani anayeuliza mkulima mdogo anahitaji nini ili tunda lake likubalike huko, na ni nani atakayegharamia?

Bunge likiamua, mkulima anapona. Mwaka 2017 Sheria ya Fedha ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja akaachwa apite. Kwa mama anayepeleka ndizi zake sokoni, mabadiliko hayo yalikuwa na maana zaidi kuliko kofia na kanga zote za kampeni. Yalifanywa kwa kura za wabunge.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, maombi yetu ni haya.

Kwanza, uje Suma na katika kila kata mara mbili kwa mwaka kwa kazi maalumu ya hesabu. Mara moja kabla ya Bunge la Bajeti kuanza Aprili, uchukue hoja zetu. Mara ya pili baada ya mwaka wa fedha kuanza Julai, utueleze kipi kimeingia kwenye bajeti, kipi kimekataliwa, na nani amekikataa. Usije na msafara wa kucheza ngoma. Njoo na daftari, na meneja wa TARURA na wa RUWASA wakae pembeni yako wajibu.

Pili, maneno yako ya bungeni yabandikwe kwenye ofisi ya kata. Taarifa Rasmi za Bunge zinaandika kila swali na kila mchango. Tunataka kusoma wenyewe ulisema nini kuhusu chai, barabara na maziwa. Mchango unaoishia kwenye pongezi na kuunga mkono hoja kwa asilimia mia moja tutauona, na ule uliouliza swali gumu tutauona pia.

Tatu, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Sheria ya mwaka 2009 imekufanya mwenyekiti wa kamati yake. Fedha zile ni za umma, siyo zawadi ya mbunge. Orodha ya kata zilizopata, kiasi kilichotolewa na kazi iliyofanyika ibandikwe hadharani kila mwaka, ili mabati ya shule yasisomeke kama fadhila ya mtu.

Nne, na hili ndilo kubwa: ukipigiwa simu ya uteuzi, fikiri kabla ya kuitikia. Hatukukatazi kuitumikia nchi. Lakini ukikubali, njoo kwanza utuambie nani atauliza maswali ya Rungwe bungeni wakati wewe unayajibu ya wizara yako. Tuambie umekubaliana na mbunge gani wa mkoa huu, au wa viti maalumu, abebe hoja zetu. Tuambie ofisi yako ya Tukuyu itakuwa na nani siku zote za wiki, na kwamba ile mikutano miwili ya kata haitaguswa na safari za wizara. Kama huwezi kutuhakikishia hayo, basi uteuzi huo ukatae kwa heshima. Kukataa cheo kwa ajili ya waliokutuma hakupunguzi hadhi ya mtu.

Upande wetu nao una wajibu, na nausema mbele ya wana Suma wenzangu. Tuache kumgeuza mbunge kuwa mfuko wa rambirambi, mlipa ada na mnunuzi wa jezi. Mbunge anayetakiwa kutoa kila Jumamosi atatafuta pa kupata, na mahali pa kupata kwa haraka ni karibu na wakubwa, ambako swali gumu halikaribishwi. Wajumbe wa kura za maoni za chama wana wajibu mzito zaidi, kwa sababu katika jimbo kama letu kura ya chama ndiyo huamua nani atakwenda Dodoma, na Katiba bado hairuhusu mgombea binafsi hata baada ya Mahakama ya Afrika kutoa hukumu yake dhidi ya katazo hilo katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila mwaka 2013. Mjumbe anayepokea bahasha ameiuza sauti ya kata nzima. Na mikutano mikuu ya vijiji, ambayo ipo kisheria, tuijaze. Hoja iliyopitishwa na kijiji na kuandikwa kwenye muhtasari ina nguvu mkononi mwako kuliko lawama mia za kijiweni.

Mheshimiwa, unaanza kazi yako katika wakati mgumu. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatiwa na vurugu, amri ya kutotoka nje na vifo vya Watanzania. Vijana wengi wametoka katika kipindi kile wakiwa hawaamini tena kwamba kura au Bunge ni lao. Hotuba za amani peke yake hazitawarudisha. Watarudi wakiona mtu waliyemtuma anauliza kwa sauti yale wanayouliza wao kwa kunong'ona, kisha anarudi kuwaeleza alijibiwa nini.

Bunge la Bajeti linakaa kila Aprili. Kabla ya kwenda, njoo Suma. Tutakuwa tumeandika hoja zetu kwa kalamu, kitongoji kwa kitongoji, na tutakukabidhi mbele ya wote. Zipeleke. Zitetee kwa jina la Rungwe. Kisha Julai urudi na majibu, yawe matamu au machungu, na kwa majibu hayo ndipo tutakapoamua kura yetu ya mwaka 2030.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa Suma, Rungwe.